Mwizi Aliyeanza na Hasi

Mwizi wa betri huwa hana adabu. Anakata nyaya kwa koleo, king'okacho anang'oa, kisichong'oka anavunja, na akishaondoka mahali pale panakuwa kama pameliwa na panya. Sajini alikuwa ameziona kazi hizo kwa miaka mingi. Ndiyo maana asubuhi ile alipiga magoti muda mrefu ndani ya trela ya Mzee Breki, mbele ya kijikabati cha chini ya kitanda, akitazama kitu ambacho hakikumwingia akilini.

Nyaya zilikuwa nzima. Kila ncha ilikuwa imezungushiwa tepu ya umeme, isije ikagusana na mwenzake ikatoa cheche. Mikanda iliyokuwa imezishika betri ilikuwa imekunjwa na kuwekwa pembeni. Bolti zilirudishwa kwenye matundu yake, na nati zake juu. Kilichokosekana ni betri tatu tu.

"Umeona, afande?" alisema Mzee Breki kutoka mlangoni. "Wamenimaliza."

Alikuwa dereva wa malori mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu enzi zake alikanyaga breki hata akiona kivuli cha kuku, na mwenyewe alijivunia jina hilo. Mkewe alifariki mwaka uliopita. Trela hii waliinunua wakiwa wawili, ikiwa na kutu mpaka kwenye kitasa, wakaigeuza kidogo kidogo kuwa chumba cha kukokotwa nyuma ya gari: kitanda, jiko la gesi, sinki la bati, paneli za sola juu ya paa. Kazi ya mwisho, kufunga betri mpya, Mzee aliisimamia peke yake.

"Uligundua lini?"

"Jana mchana. Nilikwenda kununua gesi. Narudi, nabonyeza taa, kimya."

"Na safari ni lini?"

"Ilikuwa leo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nenda kawakamate, mwanangu. Au usiwakamate, mimi sina haja nao. Nataka betri. Wakitaka jiko waje walichukue, hata chai nitawapikia kwanza."

"Kwani bila betri huwezi kwenda? Watu wamelala porini kwa mshumaa tangu dunia iumbwe."

"Mimi siwezi."

"Kwa nini?"

Mzee alitazama viatu vyake, kisha akatazama nje, kisha akasema ana mambo yake. Sajini hakumbana. Mtu anayesema ana mambo yake ukimbana anakupa uongo, halafu kazi inakuwa mbili, kuutafuta ukweli na kuuzika uongo.

Aliendelea kukagua. Inveta, lile sanduku linalougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, lilikuwa bado limening'inia ukutani, jipya, linang'aa. Mwizi hakuligusa. Kabati jembamba la nguo lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na kufuli haikuwa na hata mkwaruzo. Sakafuni, karibu na kitanda upande wa dirisha, kulikuwa na kipande cha mpira wa tairi kilichokatwa duara na kugundishwa kwa gundi. Sajini aliupima kwa utepe; juu yake hapakuwa na kitu.

"Kabatini mna nini?"

"Nguo."

"Na huu mpira?"

"Mpira tu," alisema Mzee, na akatangulia kutoka.

*

Kwenye geti kulikuwa na alama za toroli. Sajini alizifuata mpaka kwa jirani, mchomeleaji wa vyuma, mtu mpana mwenye miwani myeusi kwenye paji la uso. Betri ni mzigo. Mtu hatembei na betri tatu mkononi kama maandazi. Mwenye toroli alistahili kuulizwa.

"Mimi?" Mchomeleaji alicheka mpaka akaweka chini kazi yake. "Afande, mimi nikiiba nitamwibia mtu niliyegombana naye. Breki nimwibie ya nini?"

"Toroli yako imeingia kwake na kutoka."

"Imeingia, imetoka. Ningeiacha huko?"

Sajini hakucheka. Alirudi getini, akainama. Alama iliyoingia ilikuwa imezama ardhini, kingo zake zimevimba. Iliyotoka ilikuwa nyepesi, imepita juu juu. Aliyepita hapa alileta mzigo, akaondoka mikono mitupu. Hatua chache ndani ya geti, palipokuwa na shimo, palifukiwa mchanga mpya, umeshindiliwa vizuri.

"Umefukia shimo lake," alisema.

"Ili trela isiyumbe ikitoka." Mchomeleaji aliona haya kidogo, kama aliyekamatwa kweli. "Hatuambiani, lakini safari ile ni ya mtaa mzima. Mkewe alikuwa akipita hapa kila siku ananiuliza, fundi, kule ziwani kuna baridi kiasi gani? Mimi sijawahi hata kufika! Namwambia, mama, beba sweta."

"Ziwa gani?"

"Lile la nyuma ya milima. Walipita pale na lori, zamani, mzigo una haraka. Mama akaona maji kupitia dirishani, akasema simama tulale hapa. Breki hakusimama. Hebu fikiria, mtu anayesimama kwa kila kitu, siku hiyo hakusimama." Alishusha miwani yake. "Tangu hapo ni siku moja, siku moja. Haya, niache nifanye kazi, macho yangu yanawasha."

*

Alibaki mtu mmoja wa kumshuku, na alikuwa anafaa kabisa: fundi aliyezifunga betri zenyewe. Alijua zilipo, alijua thamani yake, na kazi ile ya tepu na nati ilikuwa ya mkono uliofundishwa.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na betri zilizopangwa ukutani kama vitabu. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alipoelezwa sababu ya ziara alikasirika kwa mikono yote miwili.

"Ningekuwa mimi, afande, ningeacha inveta? Ile ndiyo roho! Mimi mwizi, halafu mjinga pia?"

"Nyaya zilifunguliwa kitaalamu."

"Zilifunguliwaje?"

Sajini alimweleza. Fundi akakuna kidevu. "Tepu ya upande wa hasi iko juu ya ile ya chanya, au ya chanya iko juu yake?"

"Waya mweusi ulikuwa chini, umekunjwa nyuma kabisa. Mwekundu ulikuwa juu yake."

"Basi alianza na hasi." Fundi alitikisa kichwa kwa namna iliyofanana na kuridhika. "Ukifungua betri, hasi kwanza. Ukifunga, chanya kwanza. Ukikosea, spana ikigusa bati la trela, utaona nyota saa sita mchana. Wezi hawajui hilo. Huyu anajua."

"Nani uliyemfundisha?"

"Mimi sina mwanafunzi. Nina mdomo tu."

Sajini aliona mezani betri ya aina ileile iliyoibwa, akashika vishikio vyake viwili ainyanyue, ameuandaa mgongo kwa uzito. Nusura aigonge darini. Alikuwa amefikiria betri za maji, zile za lori, za kubebwa na wanaume wawili wakigombana. Hii angeibeba mwanamke kwenye kikapu cha nguo. Asubuhi nzima alikuwa akitafuta mabega mapana bure.

"Za lithiamu," alisema fundi. "Nyepesi, hazitoi hewa mbaya, ndiyo maana nilikubali kuzifunga ndani, chini ya kitanda. Ile yake ya zamani ilikuwa ya maji. Alikuja kulalamika kwamba inakata alfajiri. Nikamuuliza, Mzee, unawasha nini usiku kucha? Akasema friji."

"Friji?"

"Friji. Nikapiga hesabu ya friji, nikamwambia mbili zinatosha. Akasema tatu, hata mvua ikinyesha na jua likapotea siku kadhaa, isizime."

Sajini alifumba macho akaipita trela ile tena: kitanda, jiko, sinki, kabati jembamba. Hapakuwa na friji. Hapakuwa hata na pa kuweka friji.

"Kingine cha ajabu?"

"Kila kitu chake ni cha ajabu. Inveta ya kwanza nilimpa ya kawaida, nzuri tu. Kesho yake kairudisha. Mbovu? Hapana. Haina nguvu? Inazo. Tatizo nini? Akaniambia, sauti si yenyewe." Fundi aliinua mabega. "Sauti! Inveta za kawaida umeme wake una makonamakona, chochote chenye mota kinakoroma kidogo. Nikampa ile ya ghali, umeme wake laini. Nikamfungia, akaniomba nitoke nje, akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akanishika mkono hasemi kitu. Nikadhani nimemuudhi."

"Na siku hiyo nani mwingine alikuwepo?"

"Binti yake. Ndiye aliyenishikia tochi nilipokuwa chini ya kitanda. Msichana mzuri, anauliza maswali. Hasi kwanza kwa nini, chanya kwanza kwa nini. Akaniuliza na hizi zitamtosha Baba muda gani." Fundi akatabasamu. "Nikamtania. Nikamwambia, kwa betri hizi baba yako anaweza kukaa porini mpaka asahau geti linafananaje."

Sajini alikwishasimama.

"Alicheka?"

"Hapana," alisema fundi, tabasamu likimtoka.

*

Binti ndiye aliyemfungulia mlango wa nyumba. Alikuwa na umri wa kuelekea thelathini, muuzaji wa miwani kwenye duka la mjini, na siku hiyo aliomba ruhusa kazini amuage baba yake. Mzee mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ngazi ya trela, hafanyi kitu.

"Karibu, afande. Umewapata?"

"Nimekuja kuuliza jambo moja, mdogo wangu. Humu ndani, baba yako hafiki wapi?"

"Sijaelewa."

"Nyumba ikifiwa, huwa kuna mahali ambapo mtu hafiki. Kwingine anapita kama kawaida, pale hafiki. Hata ukificha ng'ombe hatamwona."

Binti alimtazama. Hakukana. Aligeuka akatangulia mpaka chumba cha kulala cha wazazi, akafungua kabati la nguo la mama yake. Magauni yalikuwa bado yananing'inia kwa mpangilio wake mwenyewe marehemu, ya kutokea upande mmoja, ya nyumbani upande mwingine. Chini yake, juu ya blanketi lililokunjwa, zilikaa betri tatu, kila moja imefunikwa taulo.

"Ulizileta vipi?"

"Kwa beseni la nguo. Moja moja."

"Wakati wa chakula cha mchana."

"Ndiyo." Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Sikutaka kuziharibu. Amezitafuta muda mrefu. Nilitaka tu asiende."

"Mtu kwenda kupiga kambi si msiba."

"Hajui anarudi lini! Nikimuuliza ananiambia tutaona. Ameshahama humu ndani, afande. Analala kule kwenye trela wiki nyingi sasa, huko nyuma ya banda, ananiacha na nyumba nzima. Vitu vya chumbani anavitoa kimoja kimoja. Halafu fundi ananiambia anaweza kukaa huko asirudi." Alinyoosha mkunjo wa shuka. "Mama nilimzika. Sina nguvu ya kumzika mtu aliye hai."

Sajini hakuwa mtu wa kubembeleza, kazi haikumfundisha. Alitazama sakafu. Karibu na kitanda, upande wa dirisha, saruji iliyopakwa rangi ilikuwa na alama ya mviringo, rangi yake bado haijafifia, kama pahala palipokaliwa na kitu kwa miaka. Alitoa utepe wa kupimia, akapima. Upana wake ulikuwa sawasawa na ule mpira wa kule kwenye trela.

"Hapa palikaa nini?"

"Feni ya mama." Binti alijifuta macho. "Ile ya chuma. Inanguruma kama mashine ya kusaga. Mama halali bila feni, hata kipupwe. Baba alikuwa analalamika kila siku, siku moja nitaitupa, siku moja nitaitupa. Naona aliitupa. Sikumuuliza."

Sajini alisimama. Sasa yote yalikaa mahali pake: betri ya zamani iliyokata alfajiri, mzee akaamka gizani kwa sababu ya ukimya, inveta iliyoikoromesha mota, akairudisha, uongo wa friji, maana mwanamume aliyelalamika miaka yote atamwambiaje fundi ukweli? Betri nyingi hazikuwa za kukaa siku nyingi. Zilikuwa za kitu kimoja kinachokula umeme, usiku kucha, bila kuzima.

"Chukua moja," alimwambia binti. "Mimi nabeba mbili. Twende."

*

Mzee Breki aliziona betri kabla hajawaona waliozibeba. Aliinuka, akazigusa moja moja, ndipo akamtazama binti yake, ndipo akamtazama Sajini, na akaelewa. Madereva wazee huelewa haraka.

"Wewe?"

"Mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Ili usiende moja kwa moja."

Mzee alikaa tena chini kwenye ngazi. "Moja kwa moja niende wapi? Ni siku tatu!"

"Mbona hukusema?"

"Ulinitazama kila mara kama unataka kulia. Nikaona nikinyamaza ni nafuu."

"Mzee," alisema Sajini, "fungua lile kabati."

Alisita. Kisha akatoa ufunguo kutoka kwenye mfuko wa shati, akaingia, na ikasikika kufuli ikifunguka. Alitoka amekumbatia feni kubwa ya chuma, rangi imebanduka, wavu wake umeunganishwa kwa waya mahali mahali. Aliikumbatia bila kujificha, mbele ya polisi na mbele ya mwanawe.

"Niliichukia," alisema. "Miaka yote niliichukia. Nikirudi safari nimechoka, inanguruma. Namwambia mama yako, zima hii kitu, ananiambia, wewe ulale na kelele za lori mwezi mzima, za kwangu usiku mmoja tu zikushinde? Sasa nikiizima silali. Nikisema niende ziwani peke yangu, nilale kimya kimya, nitakuwa nimekwenda na nani?" Aliiweka feni chini taratibu. "Alitaka kulala pale. Nimpeleke akalale. Ndiyo hivyo tu. Namtamani mama yako mpaka naona aibu."

Binti alikuwa ameishika feni kwenye wavu. Alipoongea aliongea polepole.

"Baba, ukuta wa chumba changu si uleule wa kwenu?"

"Ndiyo."

"Nimelala na hiyo sauti tangu nikiwa mtoto. Ulipoitoa, na mimi nilikoma kulala. Nilidhani ni msiba tu. Nakaa macho mpaka panakucha, nakwenda kazini, nauza miwani kwa macho ambayo hata yenyewe hayaoni."

Mzee alimtazama kama anayemwona sasa hivi. Hilo hakulijua. Kwa wiki nyingi alikuwa ameubeba ule mngurumo mpaka nyuma ya banda akalala nao peke yake, na hakuwahi kufikiri kwamba ulikuwa na mwenyewe mwingine.

"Nipe spana," alisema.

Walifunga wote wawili, yeye amelala chali sakafuni, binti ameshika tochi. Betri zilirudi mahali pake chini ya kitanda, mikanda ikakazwa, bolti zikakazwa zaidi. "Chanya kwanza," binti alisema, na Mzee akajibu kwamba anajua. Feni iliwekwa juu ya mpira wake. Binti aliketi kitandani upande wa dirisha, kusikiliza kama inaenda sawa, na Mzee akabonyeza swichi.

Ilianza kwa kukohoa, ikajizungusha mara mbili tatu, kisha ikashika mwendo, na trela nzima ikajaa ule mngurumo mnene. Mzee alirudi chini ya kitanda kukaza nati ya mwisho. Sajini alitoka nje, akatoa karatasi zake, akamsubiri.

Alipotoka, alitembea kwa vidole vya miguu na akaurudisha mlango nyuma yake bila kuufunga.

"Malalamiko yako niyaandikeje?" Sajini aliuliza.

Mzee aliweka kidole mdomoni. "Andika zimepatikana."

"Na mwizi?"

"Mwizi amelala," alinong'ona. "Hata viatu hakuvua."

Sajini alichungulia kupitia upenyo. Binti alikuwa amejikunja juu ya kitanda, mkono mmoja chini ya shavu, mdomo wazi, upepo ukimpeperusha nywele. Jua lilikuwa utosini. Gari lilikuwa limekwishafungwa kwenye trela, geti li wazi, mchanga wa jirani umekaa tayari.

"Unaweza kuondoka sasa," alisema. "Ila sheria ni sheria, Mzee. Ni kosa kukokota trela yenye mtu ndani."

Mzee Breki alikwenda mbele, akachomoa ufunguo wa gari, akautia mfukoni. Kisha akaja kukaa kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango, mahali ambapo sauti ilimfikia vizuri.

"Basi tutamsubiri aamke," alisema. "Sisi hatuna haraka."